Ulimi si Hakimu wa Maji

Kila mtu huyajua maji, na kwa sababu hiyo ni wachache wanaojitaabisha kuyachunguza. Mtoto huyanywa kabla hajalijua jina lake mwenyewe, na mgonjwa huyaomba wakati hana nguvu ya kuomba kitu kingine. Desturi imetufundisha kuyapeleka maji mbele ya mahakimu watatu: jicho, pua na ulimi. Jicho likiyaona maangavu, pua isipopata harufu, na ulimi ukiyaonja matamu, basi twasema maji haya ni mazuri, na twayanywa kwa moyo mkunjufu. Kwa karne nyingi mahakimu hao waliaminiwa na wajinga na wataalamu sawasawa. Insha hii yaeleza jinsi hukumu yao ilivyogunduliwa kuwa haitoshi, gharama ambayo wanadamu walilipa kwa kuitegemea, na njia bora ya kuchagua kinywaji iliyopatikana baada ya msiba.

Twaanza katika mji wa London. Kati ya karne ya kumi na tisa mji huo ulikuwa mkubwa mno, lakini ukubwa wake ulikuwa umeutangulia usafi wake. Chini ya nyumba nyingi yalikuwako mashimo ya choo, na si mbali na mashimo hayo vilikuwako visima. Mto Thames ulipokea uchafu wa wakazi, na baadhi ya kampuni za maji zilichota mumo humo maji ya kuwauzia wakazi wale wale. Kipindupindu kilikuwa kimekwisha kuuzuru mji katika mwaka wa 1832, na tena katika miaka ya 1848 na 1849. Madaktari wengi waliamini kwamba maradhi hayo yaliletwa na hewa mbaya itokayo katika vitu vilivyooza. Imani hiyo ilipendwa kwa sababu ilipatana na pua: palipokuwa na uvundo, mara nyingi palikuwa na ugonjwa.

Daktari mmoja aliyeitwa John Snow hakuridhika na maelezo hayo. Alijiuliza swali ambalo mwanafunzi yeyote angaliweza kuliuliza: ikiwa sumu ya maradhi haya yaingia kwa pumzi, kwa nini ugonjwa waanza tumboni wala hauanzi mapafuni? Katika mwaka wa 1849 alichapisha kijitabu akatoa shauri kwamba kipindupindu huenezwa kwa kitu kinachomezwa, na hasa kwa maji yaliyoingiwa na kinyesi cha wagonjwa. Waliomsadiki walikuwa wachache.

Usiku wa tarehe 31 Agosti 1854 maradhi yalifumka katika mtaa wa Soho, kando ya barabara iliyoitwa Broad Street. Katika muda wa siku kumi watu zaidi ya 500 walikufa katika eneo ambalo mtu aweza kulizunguka kwa miguu kwa dakika chache. Katika barabara hiyo ilikuwako pampu ya kisima iliyopendwa na wengi. Maji yake yalikuwa maangavu, baridi na yenye ladha nzuri, hata baadhi ya watu walizipita pampu nyingine zilizokuwa karibu nao wakaenda kuchota pale. Kama tungaliwaita mahakimu wetu watatu siku ile, wote wangaliyapa maji hayo cheti cha usafi.

Snow alikwenda mlango kwa mlango akiuliza ni nani aliyekufa, na maji yake alikuwa akiyachota wapi. Majibu yalikuwa ya kutisha. Karibu na pampu kilikuwako kiwanda cha fataki za bunduki chenye wafanyakazi 200 hivi. Wenye kiwanda waliweka mapipa mawili ya maji ya kisima kile ili wafanyakazi wao wakate kiu. 18 miongoni mwao walikufa. Mama mjane mmoja alikuwa ameuhama mtaa huo akaishi Hampstead, mahali pa mbali palipokuwa na hewa safi. Lakini aliyapenda sana maji ya pampu ya zamani, hata akawa akipelekewa chupa yake kwa gari kila siku. Alikufa tarehe 2 Septemba. Mpwa wake wa kike, aliyekuja kumtembelea akanywa maji yale yale, alirudi kwake Islington akafa vilevile. Mahali alipokaa mama huyo hapakuwa na kipindupindu, wala mahali alipokaa mpwa wake hapakuwa nacho. Hewa mbaya haikuwafuata. Lililowafuata ni tamaa ya ulimi.

Lakini Snow hakuwauliza wafiwa peke yao. Aliwatazama pia waliosalimika. Katika mtaa huo ilikuwako nyumba ya kuhifadhi maskini yenye watu 535. Nyumba zilizoizunguka zilijaa maombolezo, nayo ilipoteza watu watano tu, kwa sababu ilikuwa na kisima chake yenyewe. Kilikuwako pia kiwanda cha pombe chenye wanaume zaidi ya 70, na hakuna hata mmoja wao aliyekufa. Walipewa kinywaji cha kiwanda, ambacho katika kutengenezwa kwake hupita katika moto, na tena kiwanda kilikuwa na kisima chake. Asije mwanafunzi akaligeuza neno hili kuwa sifa ya ulevi! Waliookoka waliokolewa kwa kutokunywa maji ya pampu ile, na mtu aliyechemsha maji yake akanywa chai angaliokoka kama wao bila ya kuyumba njiani.

Snow alipeleka ushahidi wake kwa viongozi wa mtaa, na tarehe 8 Septemba mkono wa pampu uliondolewa. Wakati huo maradhi yalikuwa yamekwisha kuanza kupungua, na Snow mwenyewe alikiri hivyo. Kwa hiyo wengi bado walimtilia shaka. Kasisi mmoja wa mtaa, Henry Whitehead, alianza uchunguzi wake akitumaini kumwonyesha daktari kwamba amekosea. Kadiri alivyochunguza ndivyo alivyozidi kusadiki. Aligundua kwamba katika nyumba namba 40, iliyokuwa mbele ya pampu, mtoto mchanga aliugua kuhara kabla ya maradhi kuenea. Maji yaliyofuliwa nguo zake yalimwagwa katika shimo la choo lililokuwa karibu kabisa na kisima. Mafundi walipofukua waliona kwamba matofali ya shimo yamelegea, na uchafu wapenya kuelekea kisimani. Maji maangavu yalikuwa yamebeba mauti, na hakuna jicho lililoyaona.

Snow alitoa ushahidi wa pili mkubwa kuliko huo. Kusini mwa mto Thames kampuni mbili ziliuza maji katika barabara zile zile, na pengine nyumba moja ilinunua kwa hii na jirani yake kwa ile. Kampuni ya Lambeth ilikuwa imehamisha mahali pake pa kuchotea katika mwaka wa 1852, ikaenda juu ya mto kabla mto haujapokea uchafu wa mji. Kampuni ya Southwark na Vauxhall iliendelea kuchota mahali pachafu. Snow alihesabu vifo akaona kwamba katika kila nyumba 10,000 zilizotumia maji ya kampuni ya pili walikufa watu 315. Katika kila nyumba 10,000 za kampuni ya kwanza walikufa 37. Watu walikuwa wa namna moja, hewa ilikuwa moja, barabara zilikuwa zile zile. Tofauti ilikuwa maji.

Katika mwaka ule ule wa 1854 mtaalamu wa Italia, Filippo Pacini, alikiona katika hadubini kijidudu cha kipindupindu, lakini ulimwengu haukumsikiliza. Ilipasa kungoja hadi miaka ya 1883 na 1884, Robert Koch wa Ujerumani alipokichunguza kijidudu hicho katika Misri na Bara Hindi na kuwathibitishia wataalamu kazi yake. Na hata baada ya hapo wapo waliosita. Mji wa Hamburg ulichota maji ya mto Elbe ukawapa watu bila ya kuyachuja. Mji wa Altona, uliopakana nao, ulichota katika mto huo huo, tena upande wa chini ambako uchafu wa Hamburg ulikuwa umekwisha kuingia. Lakini Altona iliyapitisha maji yake polepole katika vitanda vya mchanga. Kipindupindu kilipokuja katika mwaka wa 1892 kiliua watu zaidi ya 8,000 katika Hamburg. Altona ilipoteza wachache sana. Twajifunza hapa kwamba maji yaliyoanza machafu yakatunzwa kwa maarifa ni bora kuliko maji yaliyoanza na nafuu yakaachwa kama yalivyo.

Msomaji asidhani kwamba habari hizi ni za watu wa mbali. Kipindupindu husafiri pamoja na wasafiri, na pwani ya Afrika ya Mashariki tangu zamani ni mlango wa wasafiri. Ibn Battuta alipofika Mombasa katika mwaka wa 1331 aliona kwamba milangoni mwa misikiti palikuwa na visima vya kina cha dhiraa moja au mbili, na watu waliteka maji kwa chombo cha mti kilichotiwa katika kijiti chembamba. Visima hivyo vilisaidia usafi wa mwili na wa ibada, na kutajwa kwake ni ushahidi wa ustaarabu wa wenyeji. Lakini kisima cha kina kifupi kina udhaifu wake katika mji unaokua: kinachomwagwa juu ya ardhi hakikawii kukifikia.

Unguja iliuona udhaifu huo kwa uchungu. Katika karne ya kumi na tisa mji wake ulikuwa soko kuu la biashara ya pwani, na maji ya kunywa yalitoka hasa katika visima. Usafi ulikuwa haba. David Livingstone alipokuwako katika mwaka wa 1866 aliulalamikia mji kwa harufu yake. Kipindupindu kilifika mara kadhaa, na mara mojawapo iliyokuwa mbaya kabisa ilikuwa ile ya miaka ya 1869 na 1870. Daktari James Christie, aliyekuwa akitibu watu mjini humo, aliifuatilia njia ya maradhi kwa kuwahoji wafanyabiashara na watu wa misafara. Aliona kwamba safari hii hayakuja kwa bahari kutoka Bara Hindi kama ilivyodhaniwa, bali yalishuka kutoka kaskazini kwa njia za bara hadi Pangani, kisha yakavuka hadi Unguja. Kitabu chake kilitoka katika mwaka wa 1876. Kama Snow, Christie alipata elimu yake kwa kuuliza maswali na kuyapanga majibu.

Katika mwaka huo wa 1870 Sayyid Barghash bin Said alishika utawala wa Unguja, naye alikuwa ameona mengi. Kati ya miaka ya 1859 na 1861 aliishi Bombay kwa kufukuzwa nchini, wakati mji huo ulipokuwa ukiletewa maji kwa mabomba kutoka ziwa la Vihar, lililokamilika katika mwaka wa 1860. Katika mwaka wa 1875 alizuru London, wakati mji huo ulipokuwa ukimaliza mifereji mikubwa ya chini ya ardhi ya kuondoa uchafu. Kabla ya kufa kwake katika mwaka wa 1888, alikuwa amejenga njia ya kuleta maji mjini Unguja kutoka chemchemi zilizo nje ya mji. Majumba yake ya fahari yatajwa zaidi na wageni. Lakini maji ya chemchemi yaliingia katika nyumba ambazo wenyewe hawakupata kukanyaga jumba la mfalme.

Mombasa ilipata fungu lake baadaye. Mvua inayonyesha juu ya vilima vya Chyulu hupenya katika majivu na mawe ya volkano, ikasafiri chini ya ardhi, ikatokea Mzima katika mbuga ya Tsavo. Katika mwaka wa 1957 maji ya Mzima yalifikishwa Mombasa kwa bomba lenye urefu wa kilomita 220 hivi. Tazama jinsi maumbile na mafundi walivyosaidiana: mawe yalichuja, bomba likabeba.

Walakini bomba si mwisho wa habari. Kipindupindu kiliingia Kenya tena katika mwaka wa 1971, na tangu hapo kimerudi mara nyingi, hasa panapokosekana vyoo na mifereji. Wako watu wengi ambao bomba halijawafikia. Katika mitaa ya mabanda mtu hununua maji kwa mtungi wa plastiki, na aghalabu kila lita humgharimu zaidi kuliko inavyomgharimu tajiri mwenye mfereji nyumbani mwake. Kumwambia mtu huyo achague maji safi bila ya kumfikishia ni kumwonyesha ng'ambo ya mto bila ya kumpa mtumbwi. Kwa hiyo maji safi ni jambo la mtu binafsi na ni jambo la serikali pia. Raia anayeyadai anadai uhai.

Sasa turejee kwa mahakimu wetu, maana bado wanaketi katika viti vyao. Jina la Nairobi limetokana na maneno ya Kimaasai yenye maana ya maji baridi. Ubaridi ni sifa njema kwa mwenye kiu, lakini haumfukuzi kijidudu. Katika sehemu za Bonde la Ufa, maji ya visima vingine virefu ni maangavu kabisa, nayo yamebeba floraidi nyingi iliyotoka katika mawe. Floraidi haionekani wala hainuki, na ikizidi huyapaka meno ya watoto rangi ya kahawia na kuidhuru mifupa. Kuyachemsha maji hayo hakusaidii, kwa kuwa moto huua kijidudu lakini hauondoi madini. Hapa hata desturi njema yahitaji elimu ili ijue mpaka wake.

Ulimi hukosea kwa upande wa pili pia. Maji yaliyotiwa klorini kwa kiasi chake huwa na harufu kidogo, na wako wanaoyakataa wakaenda mtoni kutafuta maji yenye ladha. Maji yaliyochemshwa huonekana kama yamepooza, kwa sababu hewa iliyokuwamo imetoka. Yakimiminwa mara kadhaa kutoka chombo kimoja safi hadi kingine hurudiwa na uzima wa ladha yake. Yachemke kwa nguvu dakika moja, na katika nchi za juu, zaidi ya mita 2,000, dakika tatu, maana huko maji huchemka kabla hayajapata joto kamili. Kisha yafunikwe. Mtungi wa maji yaliyochemshwa ukitumbukizwa kata iliyoshikwa kwa mkono mchafu, kazi yote ya kuni imepotea bure.

Vinywaji vingine navyo vipimwe kwa asili na matendo, visipimwe kwa utamu peke yake. Chai, ambayo ilianza kupandwa Kenya huko Limuru katika mwaka wa 1903, imewalinda wengi bila ya wao kujua: mtu hutafuta ladha, naye hupata maji yaliyopita motoni. Uji uliopikwa vizuri ni hivyo hivyo, na juu ya hayo hushibisha. Dafu lililofunguliwa sasa hivi kwa kisu safi ni chombo kilichofungwa na maumbile yenyewe. Kinyume chake, maji ya matunda yaliyochanganywa na maji yasiyochemshwa, yakapozwa kwa barafu ya maji hayo hayo, ni pampu ya Broad Street katika bilauri ya rangi.

Soda nayo ina historia. Katika mwaka wa 1767 Joseph Priestley, aliyekaa jirani na kiwanda cha pombe katika mji wa Leeds, alijifunza kutia gesi katika maji ili yafanane na maji ya chemchemi yaliyoaminiwa kuwa dawa. Kilichoanza kama dawa kilitiwa sukari na wafanyabiashara wa baadaye kikawa starehe. Chupa ya mililita 300 aghalabu huwa na sukari ya gramu 30 hivi, yaani vijiko saba vya chai au zaidi. Soda ya kiwandani haina kipindupindu. Lakini mwenye kuifanya kinywaji cha kila siku huyaharibu meno yake na hujiongezea hatari ya unene na ya kisukari. Ulimi uliwapotosha watu wa London kwa maji baridi. Haushindwi kutupotosha sisi kwa maji ya sukari. Ifaa iwe kitu cha sikukuu, na maji safi yawe kinywaji cha siku zote.

Historia hii yatuachia maswali matatu ya kuuliza mbele ya kila kikombe: kinywaji hiki kimetoka wapi, kimepita katika mikono na vyombo gani, na kimefanyiwa nini kabla ya kunifikia? Snow aliuliza maswali ya namna hiyo katika barabara za London, na Christie katika soko la Unguja. Hawakuwa na silaha nyingine kubwa kuliko hizo. Maswali hayo hayahitaji fedha, na mwanafunzi aweza kuyachukua hadi kisimani kwao, hadi mferejini shuleni, na hadi kwa wakubwa wenye mamlaka ya kuchimba, kujenga na kutengeneza. Ulimi ubaki na kazi yake ya kuonja na kushukuru. Kazi ya kuhukumu ni ya akili.